Kufundisha taasisi kuzungumza na watu ugonjwa wa mifugo unapolipuka

Ugonjwa wa mifugo unapozuka, uamuzi wa kwanza haufanyiki wizarani. Unafanyika zizini, na mfugaji aliyesimama mbele ya mnyama anayetokwa mate na kushindwa kuinuka. Anaweza kupiga simu. Anaweza kumchinja upesi kabla hajafa, walau aokoe nyama. Anaweza kuwapakia kwenye lori wale wanaoonekana wazima na kuwawahisha mnadani kabla habari hazijaenea. Njia moja kati ya hizo inauzima ugonjwa, mbili zinausafirisha.

Mimi ni daktari wa mifugo, na kwa muda mrefu kazi yangu imekuwa kufundisha taasisi namna ya kuwasiliana na watu wakati wa milipuko. Matangazo, mahojiano ya redio na ujumbe wa simu vyote navipima kwa swali moja: mfugaji yule akisikia haya, atafanya nini? Mafunzo yasiyorudi kwenye swali hilo huzalisha maafisa wanaozungumza vizuri mbele ya kamera huku malori yakiendelea kutembea usiku. Haya ndiyo maandalizi na mazoezi ninayoyatumia, kwa yeyote aliyekabidhiwa kazi hii katika idara ya mifugo, wizara ya afya, mamlaka ya chakula au chama cha wafugaji.

Anza na orodha ya waalikwa

Taasisi nyingi zikiomba mafunzo hutaka kuleta maafisa habari peke yao. Kataa. Afisa habari anajua kuandika, lakini wakati wa mlipuko hana ruhusa ya kutamka jina la ugonjwa. Mwenye ruhusa ni mkurugenzi wa huduma za mifugo, na yeye hana muda wa kuandika. Mwenye majibu ni mtu wa maabara, ambaye mara nyingi hajawahi kuzungumza na hao wawili isipokuwa kwa fomu. Ukiwafundisha mbalimbali, watakutana kwa mara ya kwanza siku ya tukio, wakiwa wamechoka na simu zinaita.

Ninachoomba ni watu 20 hadi 25 katika chumba kimoja: mkurugenzi au naibu mwenye mamlaka ya kuidhinisha tangazo, mtu wa maabara, mfuatiliaji wa magonjwa kutoka afya ya binadamu, mtu wa usalama wa chakula, msemaji, maafisa ugani wanaozunguka vijijini, na mtu wa wanyamapori kama ugonjwa unaohofiwa unawagusa. Mtu wa fedha pia, walau kwa nusu siku. Sababu yake nitaifikia.

Halafu kuna makundi mawili yanayosahaulika karibu kila mara. La kwanza ni wapokea simu. Mfugaji aliyepiga simu usiku akajibiwa kwamba arudi saa za kazi hatapiga tena, na majirani zake wote watajua kwa nini. Kwake yeye sauti ile ndiyo serikali nzima. La pili ni wafugaji wenyewe, pamoja na wafanyabiashara wa mifugo na wachinjaji. Hao wa biashara ndio wanaojua mnyama anatoka wapi, anapitia njia gani na anafika wapi alfajiri. Ukiwaacha nje, utaandika matangazo yasiyogusa barabara hata moja.

Kabla ya kufundisha, kasikilize

Wiki mbili au tatu kabla ya mafunzo, zungumza na wafugaji wachache mahali walipo. Uliza ukiona mnyama mgonjwa unamwambia nani kwanza. Uliza mara ya mwisho mtu wa hapa alipotoa taarifa, mambo yalikwendaje. Uliza unapoteza nini ukisema. Nyamaza, andika. Majibu hayo ndiyo mtaala wako, na mengi hayatakuwa yale makao makuu yanayotarajia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mfugaji anayeficha ugonjwa si mjinga. Amepiga hesabu. Akitoa taarifa, zizi litawekwa karantini, mnada utafungwa, majirani watamnyooshea kidole, pengine mifugo yake itauawa, na fidia haijulikani itakuja lini. Akinyamaza, huenda wanyama wakapona wenyewe. Hakuna bango linaloweza kuishinda hesabu hiyo kama hesabu yenyewe haijabadilika.

Kwa hiyo mtu wa fedha lazima awepo. Mbele ya wote namwuliza: mnyama akiuawa kwa amri ya serikali, mwenye mali analipwa? Kwa thamani ipi? Baada ya muda gani? Anajaza fomu gani? Kama majibu yapo, yanaingia kwenye tangazo la kwanza kabisa. Kama hakuna fidia, hilo nalo lisemwe wazi, pamoja na msaada wowote uliopo, na msemaji asithubutu kuahidi kitu kisichokuwa kwenye bajeti. Mawasiliano hayazibi pengo la sera. Mkufunzi anayeliona pengo hilo akalinyamazia amewatuma wanafunzi wake kwenda kusema uongo, kwa hiyo matokeo ya usikilizaji wapelekee viongozi wa taasisi kabla ya siku ya kwanza, wakiwa bado na nafasi ya kufanya jambo.

Tangazo la saa za kwanza

Hiki ndicho kiini cha mafunzo, nami hukipa asubuhi nzima. Slaidi za nadharia ziwe chache; watu hujifunza kuandika tangazo kwa kuliandika.

Gawa washiriki katika vikundi vilivyochanganya taasisi, kisha toa hali hii: ng'ombe watatu wamekufa ghafla katika boma moja, damu isiyoganda inawatoka puani na kwenye haja kubwa, mizoga haijakakamaa. Sampuli ziko njiani kwenda maabara. Mmoja ameshachunwa na nyama imegawanywa. Redio ya eneo imepiga simu ikitaka kauli. Una dakika 30.

Matokeo ya jaribio la kwanza nayajua kabla sijaisoma karatasi: wananchi wasiwe na hofu, serikali inafuatilia suala hili kwa karibu, taarifa kamili itatolewa baada ya uchunguzi kukamilika. Simkosoi aliyeandika. Namwomba mfugaji aliyemo chumbani alisome kwa sauti, kisha namwuliza: sasa unakwenda kufanya nini? Jibu huwa ni kwamba hakuna alichoambiwa. Na ile nyama iliyogawanywa bado iko majumbani.

Hapo ndipo tunapoliandika upya pamoja. Tangazo la saa za kwanza lina kazi tano: kusema tunachokijua, tusichokijua bado, tunachofanya, unachotakiwa kufanya wewe, na lini tutazungumza tena. Mfano tunaoumalizia huwa hivi:

"Ng'ombe watatu wamekufa ghafla katika boma moja la eneo hili. Tunashuku ni kimeta. Majibu ya maabara tunayatarajia kesho jioni. Kimeta huua mifugo na huambukiza watu. Mnyama aliyekufa ghafla usimpasue, usimchune, usile nyama yake. Mwache alipo, zuia watoto na mbwa wasimkaribie, piga simu namba hii wakati wowote. Kama uligusa damu au ulikula nyama yake, nenda kituo cha afya leo na uwaeleze. Dawa ipo na inatibu ikiwahiwa. Maafisa wetu wako njiani. Tutazungumza nanyi tena kesho saa 12 jioni, hata kama majibu yatakuwa hayajafika."

Pitia sentensi moja moja na washiriki, uwaulize kwa nini ipo. Katazo la kumpasua mnyama lina sababu yake ya kisayansi: bakteria wa kimeta wakikutana na hewa hutengeneza spora, yaani bakteria waliojifunika ganda gumu, zinazoweza kukaa ardhini kwa miongo mingi, na zizi lililomwagikiwa damu leo linaweza kuua ng'ombe wa kizazi kijacho. Mfugaji akielezwa hivyo, amri inageuka kuwa jambo la kulinda ardhi yake. Mstari wa kituo cha afya hautaandikwa kama mtu wa afya ya binadamu hayumo chumbani. Na ahadi ya kesho saa 12 ndiyo sehemu ninayoipigania kuliko zote. Asiyekuwa na majibu anaweza bado kutimiza ahadi ya kurudi, na kila akirudi kwa wakati anaaminika zaidi. Siku ya majibu mabaya atauhitaji uaminifu huo.

Msemaji atauliza kama ni sahihi kutaja kimeta kabla ya maabara. Jibu langu ni ndiyo, ikisemwa ni dhana na ikiwa gharama ya kukosea ni ndogo kuliko gharama ya kusubiri. Majibu yakitoka tofauti, watu watakuwa wamepoteza mizoga michache ambayo hawakupaswa kuila kwa vyovyote. Wakisubiri, wanaweza kupoteza watu. Lakini zoezi hilo hilo lifanyeni kwa ugonjwa wa miguu na midomo, ambao hauhesabiwi kuwa tishio kwa afya ya binadamu lakini kutajwa kwake kunaweza kufunga soko la nje la nchi nzima. Hapo mizani inabadilika, na wakurugenzi wanatakiwa kubishana kuhusu mizani hiyo sasa, wakiwa wamekaa na chai. Siku ya tukio hakuna nafasi ya ubishi huo.

Kuhusu urefu, mtaalamu wa Marekani Vincent Covello alipendekeza ujumbe mkuu uwe na hoja 3, usizidi maneno 27, usemeke kwa sekunde 9. Sing'ang'anii hesabu ya maneno. Ninachofanya ni kuwapa saa yenye mshale wa sekunde na kumtaka kila mmoja aseme jambo la muhimu kuliko yote kabla mshale haujasogea mbali. Wengi muda huwaishia wakiwa bado wanataja vyeo vya viongozi.

Kutuliza watu kunavyogeuka

Siku ya kwanza mchana nasimulia kisa cha ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe nchini Uingereza, kwa sababu kila afisa anayetaka kutuliza wananchi anapaswa kukijua. Mwaka 1990 waziri wa kilimo, John Gummer, alijitokeza mbele ya kamera pamoja na binti yake mdogo na kipande cha mkate chenye nyama ya ng'ombe, kuonyesha kwamba nyama ni salama. Machi 20, 1996 waziri wa afya, Stephen Dorrell, aliliambia bunge kwamba watu 10 wenye umri wa chini ya miaka 42 walikuwa wamepata aina mpya ya ugonjwa wa ubongo, na kwamba maelezo yenye uwezekano mkubwa yalikuwa kuambukizwa na ugonjwa ule wa ng'ombe. Siku chache baadaye Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku nyama ya ng'ombe ya Uingereza. Tume iliyoongozwa na Lord Phillips ilitoa ripoti yake Oktoba 2000. Haikuona kwamba serikali iliwadanganya wananchi; iliona kwamba serikali ilikuwa imeshughulishwa mno na kuzuia taharuki, na kwamba ukweli ulipotoka watu walijiona wamesalitiwa.

Waulize washiriki: mwaka 1990, kwa kilichojulikana wakati ule, waziri angesema nini? Waache wahangaike na swali hilo. Wakifika kwenye sentensi ya kwamba hatujapata ushahidi kwamba inadhuru watu, hatuwezi bado kusema haiwezekani, na hizi ndizo sehemu za ng'ombe tulizoziondoa kwenye chakula kwa tahadhari, wamefika.

Kwa mfano wa karibuni natumia maziwa. Machi 2024 Marekani ilitangaza kwamba virusi vya mafua ya ndege vya H5N1 vimepatikana kwa ng'ombe wa maziwa. Mwezi uliofuata mamlaka ya chakula na dawa ilieleza kwamba karibu sampuli 1 kati ya 5 za maziwa ya dukani ilikuwa na vipande vya vinasaba vya virusi hivyo. Ukiishia hapo, umemtisha mnywaji wa maziwa. Vipimo vya kuangalia kama kuna virusi hai havikuvipata, kwa kuwa maziwa yalikuwa yamepashwa moto kiwandani kwa utaratibu wa kuua vijidudu. Mtu wa maabara apewe zoezi la kulieleza hilo kwa mzazi mwenye kikombe mkononi, bila kutaja jina la kipimo. Ni zoezi gumu kuliko linavyoonekana, na mara nyingi mtu wa maabara ndiye hutoka amebadilika zaidi ya wote chumbani.

Jambo moja dogo la kuwekea mkazo: swali la kama ugonjwa unadhuru watu na swali la kama unadhuru mifugo yajibiwe kila moja peke yake, kila mara. Homa ya nguruwe ya Afrika haimwambukizi binadamu, lakini inaua nguruwe kwa wingi mno na virusi vyake hukaa kwenye nyama na bidhaa zake kwa muda mrefu. Ukisema tu nyama ni salama, mtu atawatupia nguruwe wake mabaki ya chakula. Sema haitakudhuru wewe, itaua nguruwe, mabaki usiwape.

Saa ile ile, maneno yale yale

Nchi mwanachama wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani inatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 24 baada ya kuthibitisha magonjwa yaliyoorodheshwa yanapozuka kwa namna isiyo ya kawaida. Taarifa hiyo huwekwa wazi kwenye mfumo wa shirika, na waandishi pamoja na wanunuzi wa nje huisoma. Kama hakuna aliyewaza mfuatano, mfugaji wa kijiji kilichoathirika atasikia habari za zizi lake kutoka ng'ambo. Naliandika hili ubaoni kama tatizo na kuliacha liwaumize vichwa: nani anaambiwa kwanza, wa pili, wa tatu, na kwa tofauti ya saa ngapi? Mwenye zizi awe wa kwanza, majirani na viongozi wa eneo wafuate, kisha taasisi washirika. Vyombo vya habari na taarifa ya kimataifa vije kwa wakati mmoja. Mpangilio huo uandikwe, uwekwe majina ya watu na ya wasaidizi wao kwa siku ambayo mhusika yuko safarini.

Kisha kuna idhini. Chora njia ambayo tangazo hupita kutoka kwa mwandishi hadi hewani, hatua kwa hatua, na kila mwenye hatua aseme kwa kawaida linakaa mezani kwake muda gani. Jumlisha mbele yao. Hakuna hoja yangu inayowashawishi viongozi kuliko jumla hiyo. Dawa yake ni kuidhinisha mapema: matangazo ya magonjwa matano au sita yanayotarajiwa yaandikwe sasa, yapitishwe na taasisi zote, yaachwe na nafasi wazi za mahali, tarehe na idadi. Siku ya tukio idhini inahusu nafasi hizo tu.

Orodha ya mnaozungumza nao iwe ndefu kuliko mnavyodhani. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulithibitishwa Uingereza Februari 20 na usafirishaji wa mifugo ukasimamishwa Februari 23, ila kondoo wenye virusi walikuwa wameshapita minadani. Zaidi ya wanyama milioni 6 waliuawa. Njia za matembezi mashambani zilifungwa kote, picha za mizoga ikiungua zikazunguka dunia, na sekta ya utalii ikapata hasara ya mabilioni ya pauni. Katika mazoezi ya aina hii nimeona mara nyingi wenye hoteli na waongoza watalii wakikosekana kabisa kwenye orodha.

Na majina. Mwaka 2009 homa mpya ya binadamu ilipoitwa mafua ya nguruwe, Misri iliamuru nguruwe wake wapatao 300,000 wachinjwe, ingawa ugonjwa ulikuwa ukisambazwa na watu kwa watu. Aprili 30 mwaka huo Shirika la Afya Duniani likaacha kulitumia jina hilo. Taasisi zenu zikubaliane mapema jina litakalotumika, na zote zilitumie.

Mazungumzo ya zizini

Sehemu hii maafisa wengi huiogopa, na wana haki. Mtu anatakiwa kuingia kwa mfugaji na kumwambia wanyama wake wote watauawa kesho, wakiwemo wanaokula vizuri.

Mweke daktari wa mifugo uso kwa uso na mfugaji halisi, si mwigizaji. Habari yenyewe isemwe ndani ya dakika ya kwanza, kwa maneno ya moja kwa moja. Kisha daktari anyamaze. Ukimya huo ndio unaoshindikana. Watu hujaza kwa takwimu. Asiseme anajua machungu yake kama hajawahi kufikwa na hayo. Mfugaji akishapata pumzi, daktari aeleze kwa nini na wazima pia: mnyama aliyeambukizwa ugonjwa wa miguu na midomo anaweza kutoa virusi kabla dalili hazijaonekana. Aeleze nani atakuja, saa ngapi, watatumia njia gani, mizoga itakwenda wapi, na kwamba tathmini ya thamani itafanywa na kusainiwa kabla ya mnyama wa kwanza kuguswa. Amwulize kama anataka kuwepo. Amwachie namba ya mtu mmoja, mwenye jina, atakayepokea wiki ijayo na mwezi ujao.

Mtaalamu Peter Sandman wa Marekani alieleza kwamba hatari kwa macho ya watu ni madhara pamoja na ghadhabu. Ghadhabu haifuati idadi ya vifo. Inafuata nani aliamua, nani aliulizwa, nani alifichwa. Mwaka ule wa 2001, baada ya mamilioni ya wanyama kuuawa, ndama mmoja aliyekutwa hai kando ya mizoga, akaitwa Phoenix, alijaza kurasa za mbele na serikali ikalegeza sera yake ya kuua. Mkurugenzi anayeamini takwimu pekee zitatosha aambiwe kisa hicho.

Na msiwasahau watumishi wenyewe. Wanaoua mifugo kutwa nzima hurudi nyumbani nayo kichwani. Katika mpango wa mawasiliano, weka mtu wa kuzungumza nao kila jioni.

Mlipuko wa kuigiza

Siku ya mwisho iwe ya zoezi refu. Washiriki wakae kwenye nafasi zao halisi, katika vyumba tofauti, wakiwasiliana kwa simu kama ilivyo kazini. Wewe unatuma matukio: picha ya mzoga mtoni inayosambaa kwenye simu, mbunge anayedai mnada ufunguliwe, maabara inayosema sampuli zimeharibika, mwandishi aliyefika getini.

Tukio moja usilikose: wafugaji wanasema chanjo ya homa ya bonde la ufa inatoa mimba za mifugo. Karibu kila kikundi hukimbilia kukanusha. Lakini chanjo ya zamani ya ugonjwa huo iitwayo Smithburn, iliyotengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, kweli inaweza kuharibu mimba, na sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi wakati wa mlipuko inaweza kuhamisha virusi kutoka mmoja kwenda mwingine. Aliyekanusha amejifunga, na mfugaji aliyemwona mbuzi wake akitupa mimba hatamsikiliza tena. Tetesi ichunguzwe kabla ya kujibiwa: kuna nini ndani yake? Kisha kinachojulikana kisemwe kabla ya kampeni: mnyama mwenye mimba asichanjwe kwa chanjo hii, na kila mnyama ana sindano yake.

Katika zoezi hilo angalia pia wanavyokutana na watu. Tabia ya wengi ni kuitisha mkutano wa wafugaji kwenye eneo lenye ugonjwa. Virusi vya miguu na midomo na vya homa ya nguruwe ya Afrika husafiri kwenye viatu, nguo na magurudumu. Mkutano wenyewe unaweza kuwa mlipuko mpya. Tumieni redio, simu na vipaza sauti vya barabarani. Mwandishi naye asiingie zizini: pigeni picha na video za kutosha ninyi wenyewe, mziweke wazi kwa wote, na msemaji awe getini kwa saa zilizotangazwa.

Baada ya mafunzo

Dodoso la kuwauliza washiriki kama walifurahia halikuambii kitu. Baada ya miezi mitatu, piga namba ya dharura Jumapili usiku ujifanye mfugaji. Omba uonyeshwe matangazo yaliyoidhinishwa mapema, uone kama majina na namba bado ni za watu waliopo. Halafu omba daftari la taarifa zilizopokelewa. Idadi ikipanda na nyingi zikathibitika kuwa si ugonjwa uliohofiwa, usiruhusu yeyote aziite usumbufu, kwa maana watu wameanza kupiga simu mapema, wakiwa bado na shaka.

Katika daftari hilo angalia safu moja ambayo kwa kawaida huwa tupu: tarehe ambayo mtoa taarifa alirudishiwa majibu. Mfugaji aliyeripoti akachukuliwa sampuli kisha asisikie tena chochote ameambiwa kwamba simu yake haikuwa na maana. Mpangieni mtu mmoja kwa jina kazi ya kumpigia ndani ya siku mbili baada ya majibu kutoka maabara, hata yakiwa kwamba hakuna kitu, amweleze mnyama wake alikufa kwa nini na wengine awatunzeje.